Viazi, Nguruwe na Sakitu: Maisha ya Wakulima wa Milima ya Papua

Leo tunasafiri mbali. Tunavuka Bahari ya Hindi, tunaipita Indonesia, tunafika kwenye kisiwa kikubwa kiitwacho New Guinea. Kwa ukubwa ni kisiwa cha pili duniani. Upande wa magharibi wa kisiwa hicho uko chini ya Indonesia. Upande wa mashariki ni nchi inayojitawala, nayo ni Papua Guinea Mpya. Nchi hiyo ilitawaliwa na Australia, ikapata uhuru wake tarehe 16 Septemba 1975.

Katikati ya kisiwa kuna safu ndefu ya milima. Humo milimani tunauchagua mkoa mmoja tu, nao ni Enga. Makao makuu ya mkoa huo ni mji mdogo wa Wabag. Tuutazame mkoa huu kwa sababu watu wake ni wakulima hodari, na shida zao mkulima yeyote atazielewa.

NCHI YA MILIMA NA LUGHA NYINGI

Papua Guinea Mpya ina lugha zaidi ya 800. Sababu moja ni hiyo milima. Bonde moja halikuonana kwa urahisi na bonde jingine. Ili kuelewana, watu wengi hutumia lugha iitwayo Tok Pisin. Mwaka 1970 lilianzishwa huko gazeti la lugha hiyo, likaitwa Wantok. Maana ya neno hilo ni mtu wa lugha moja nawe, yaani ndugu yako. Kwa hiyo nao walikuwa na gazeti la lugha nyepesi kama hili mnalolisoma.

Mpaka miaka ya 1930, watu wa nje walidhani kwamba katikati ya kisiwa hapakai mtu. Walidhani ni misitu na mawe matupu. Mwaka 1933 watafuta dhahabu na maofisa wa serikali ya Australia waliruka kwa ndege juu ya mabonde ya huko. Wakaona nini? Waliona mashamba yaliyochorwa vizuri, mifereji, nyua na moshi wa majiko. Kumbe mabonde yale yalikuwa na watu wengi sana!

Tena kilimo chao ni cha zamani mno. Mahali paitwapo Kuk, karibu na mji wa Mount Hagen, wataalamu wamechimba na kukuta alama za mifereji ya zamani, na za matuta ya miaka zaidi ya 6,000 iliyopita. Mwaka 2008 shirika la UNESCO liliiweka Kuk katika orodha ya urithi wa dunia. Kwa hiyo mtu asiseme ati watu wa mbali hawajui kitu. Walilima kabla mataifa mengi hayajaanza kulima.

MAKAZI YAO

Ukienda Enga usitafute kijiji chenye nyumba zilizokaribiana. Kila jamaa hujenga karibu na shamba lake. Nyumba zimetawanyika mteremkoni, lakini watu wa ukoo mmoja wana ardhi yao na mipaka yao inajulikana.

Zamani wanaume walilala katika nyumba yao, na wanawake na watoto katika nyumba nyingine. Nyumba ilikuwa fupi na haina madirisha, kwa ajili ya baridi. Moto uliwaka katikati. Nguruwe nao walikuwa na sehemu yao ndani ya nyumba ya mama. Siku hizi jamaa nyingi hulala pamoja, na baadhi ya nyumba zina bati. Lakini baridi ni ile ile. Wabag iko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mahali pengine, kama Kandep, pako juu zaidi.

CHAKULA CHAO NI KIAZI KITAMU

Kwa Tok Pisin kiazi kitamu kinaitwa kaukau. Watu wa Enga hukila asubuhi, hukila jioni. Nguruwe nao hukila hicho hicho. Asili ya kiazi kitamu ni Amerika. Kilifika katika milima hiyo yapata miaka 300 iliyopita, na kilipofika kilibadili maisha. Kabla yake walitegemea zaidi magimbi, na magimbi huchelewa mno penye baridi. Kiazi kiliwawezesha kulima juu zaidi na kufuga nguruwe wengi zaidi.

Hata hivyo kiazi nacho huchelewa huko juu. Katika nchi ya joto viazi huwa tayari kwa miezi 3 hadi 5. Katika milima mirefu ya Enga huenda vikachukua miezi 8, na pengine mwaka mzima. Hesabu hiyo msiisahau, tutaihitaji mbele.

JINSI WANAVYOTENGENEZA TUTA

Sasa tuangalie kazi yenyewe. Wakulima wa Enga hawalimi tuta refu. Wanajenga tuta la mviringo, kama kichuguu kipana. Upana wake ni kama mita 3, na mahali pengine huzidi. Kazi inakwenda hivi:

Kwanza, baada ya kuvuna, mkulima anafungua tuta la zamani. Udongo anausukuma pembeni, katikati panabaki shimo.

Pili, anajaza majani katika shimo hilo. Anaweka marando ya viazi vya zamani, magugu na nyasi. Majani hayo hayachomwi moto.

Tatu, anayaacha majani kwa wiki kadhaa yaanze kuoza.

Nne, anayafunika kwa udongo mwingi, uliovunjwavunjwa vizuri, mpaka tuta linapanda juu.

Tano, anapanda marando mapya juu ya tuta na ubavuni.

Majani yakioza ndani ya tuta yanakuwa mboji. Mboji inalisha viazi. Kwa njia hii shamba moja huweza kulimwa miaka mingi mfululizo, bila kuhamahama. Tuta pia linaondoa maji. Mvua ya huko ni nyingi, na kiazi kikikaa katika maji kinaoza. Hapa kwetu Tanzania, Wamatengo wa Mbinga nao hufukia nyasi wanapolima ngoro zao. Ngoro si tuta la Enga, lakini wazo la kurudisha majani ardhini ni moja.

Kuvuna nako kuna akili yake. Mama hang'oi shina lote kwa siku moja. Anapapasa udongoni, anachukua viazi vikubwa, vidogo anaviacha vikue. Hivyo shamba linakuwa ndiyo ghala lake. Viazi vikishachukuliwa karibu vyote, nguruwe wanaingizwa shambani. Wanakula masalia na kuufukua udongo kwa pua zao.

MZIGO WA MAMA

Nani anafanya kazi hizi? Kwa desturi wanaume hufyeka, huchimba mifereji na kujenga nyua. Kazi hizo ni nzito, lakini zina mwisho. Kazi za wanawake hazina mwisho. Wao hupanda, hupalilia, huvuna, hupika na kulisha nguruwe kila siku. Zamani chombo chao kilikuwa muo, yaani mti uliochongwa ncha. Siku hizi wana majembe na sepetu.

Viazi hubebwa katika mfuko wa kamba unaosukwa kwa mkono, uitwao bilum. Mshipi wa mfuko hupita juu ya kichwa, mzigo unakaa mgongoni. Mara nyingi mama ana bilum mbili. Moja ina viazi, nyingine ina mtoto amelala. Na sehemu kubwa ya viazi hivyo si ya watu, ni ya nguruwe.

NGURUWE NI BENKI

Mtu atauliza, "Kwa nini wajitaabishe hivyo kwa ajili ya nguruwe?" Jibu ni kwamba kwao nguruwe ndiye mali. Nguruwe hutolewa kwa mahari. Hutolewa kama fidia mtu akiuawa, ili ugomvi uishe. Hutolewa katika misiba.

Watu wa Enga walikuwa na utaratibu mkubwa wa kupeana mali ulioitwa tee. Mtu alimpa nguruwe rafiki yake wa bonde la pili. Yule naye alimpa mwingine wa bonde la tatu. Baadaye malipo yalirudi kwa njia ile ile. Watu wengi mno waliunganishwa na deni hili. Kwa mtu wa nje ilionekana kama sherehe tu. Lakini tazama faida yake. Mwenye rafiki katika bonde la mbali ana mahali pa kukimbilia siku ya njaa. Na njaa huko huja kweli.

USIKU WA SAKITU

Adui mkubwa wa kiazi ni sakitu. Huo ni umande unaoganda usiku ukawa barafu nyembamba juu ya majani. Wasomaji wetu wa Njombe na Makete wanaijua. Mvua inapokatika kwa muda mrefu, mawingu yanatoweka. Usiku usio na mawingu, joto la ardhi linapotea angani. Hewa baridi ni nzito, inateremka na kutuama bondeni kama maji. Asubuhi marando yanaonekana yameungua, meusi, kana kwamba yamepitiwa na moto.

Hapo tuta linaonyesha kazi yake ya tatu. Hewa baridi inatuama chini, kati ya tuta na tuta. Marando yaliyo juu ya tuta yanapona, kama sakitu si kali. Wakulima wengine hulima pia shamba la pili mteremkoni, kwa kuwa mteremko hauungui haraka kama bonde. Lakini sakitu ikirudi usiku baada ya usiku, hakuna tuta litakaloweza. Sasa kumbukeni ile hesabu yetu. Ukipanda upya baada ya sakitu, utangoja miezi 8 au mwaka. Utakula nini?

Zamani, watu wa mabonde ya juu walifunga mizigo, wakachukua watoto na nguruwe, wakateremka kwa ndugu na marafiki wa mabonde yenye joto. Wakakaa huko, wakasaidia kulima, mpaka mashamba yao yalipopona. Wakarudi na marando ya kupanda. Ule urafiki wa kupeana nguruwe ndio uliowafungulia milango.

Mwaka 1972 sakitu kali ilipiga milima hiyo. Serikali ya Australia ililisha watu zaidi ya 100,000. Chakula kililetwa mpaka huko juu, na watu wengi wakabaki kwao kukingoja. Msaada uliokoa maisha, hilo hatubishi. Lakini wataalamu waliochunguza waliona hatari moja. Watu wakizoea kungoja, njia za zamani za kwenda kwa ndugu zitaota nyasi. Na je, msaada ukichelewa?

Mwaka 1997 jibu lilionekana. Ukame mkubwa na sakitu vilikuja pamoja. Watu zaidi ya milioni 1 nchini humo walipungukiwa sana na chakula. Msaada ulitolewa, lakini haukumfikia kila mtu kwa wakati wake. Wengi walijiokoa kwa kuwaendea jamaa zao wa mijini na wa nchi za chini. Mwaka 2015 ukame na sakitu vilirudi tena.

NJIA NA HATARI NYINGINE

Barabara kuu ya milimani inaanzia bandari ya Lae na kupanda hadi Mount Hagen, kisha Wabag. Mji mkuu, Port Moresby, hauunganishwi na milima hiyo kwa barabara. Huko hufikiwa kwa ndege. Anayekaa mbali na barabara hubeba mazao mgongoni. Mgonjwa naye hubebwa na watu, saa nyingi, kwenye utelezi.

Ardhi yenyewe huteleza. Tarehe 24 Mei 2024, usiku watu wakiwa wamelala, mlima uliporomoka katika eneo la Mulitaka, Enga. Ulifukia nyumba na mamia ya watu. Barabara nayo ikazibwa. Tena kuna vita vya koo, ambavyo siku hizi hupiganwa kwa bunduki. Nyumba huchomwa, mashamba huharibiwa, na wanawake na watoto hukimbia mikono mitupu.

Yapo pia mazao mapya. Wakulima wengi hulima viazi mviringo na kabeji za kuuza. Viazi mviringo huvumilia baridi kuliko viazi vitamu. Lakini mwaka 2003 ugonjwa wa ukungu uliingia na kuangamiza viazi hivyo. Waliokuwa na kaukau pembeni walikula. Waliotegemea zao moja walipata taabu.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, magugu na marando si takataka. Ukiyachoma umechoma mbolea. Jaribu matuta machache kwanza, uone. Ila kumbuka, tuta kubwa linafaa penye mvua nyingi na baridi. Penye ukame tuta likiinuka sana hukauka upesi.

Pili, usiweke chakula chako chote katika shamba moja wala zao moja.

Tatu, tuhesabu kazi ya mama. Bila mgongo wake hakuna kiazi, hakuna nguruwe, hakuna hiyo heshima ya wanaume wanaogawa nguruwe uwanjani.

Nne, udugu ni akiba. Msaada wa serikali ni haki ya mwenye njaa, lakini lori linaweza kukwama njiani. Jirani uliyemsaidia jana yuko karibu zaidi. Akiba haiozi, walisema wazee wetu, nao watu wa Enga waliiweka akiba yao kwa marafiki.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Tuta la Enga linafanya kazi gani tatu?
2. Kwa nini njaa ya sakitu huchukua muda mrefu kwisha?
3. Hapa kijijini kwetu, marando na magugu tunayapeleka wapi baada ya kuvuna?
4. Mazao yetu yakiharibika mwaka huu, tutamwendea nani? Na yeye akipata shida, atakuta nini kwetu?
5. Tuandike kazi za mama na za baba kuanzia alfajiri mpaka usiku. Je, mizigo iko sawa?