Oya, Bandika Jina la Ufipa Kwenye Mzigo Wako

Oya mwana, zama Google saivi, andika Sumbawanga, afu anza kushuka mdogo mdogo. Ukishapita ramani na habari za manispaa, hukawii kukutana na radi za kutumwa, safari za ungo, na mganga anayejiita wa Sumbawanga: dawa ya mvuto anayo, ya kurudisha mpenzi anayo, ya kufaulu mtihani nayo anayo. Jina la mji wetu limebandikwa kwenye biashara ya mtu kwa sababu linauza. Hiyo ndo kazi ya tegi, wanangu. Ni neno unalolipachika kwenye mzigo ili anayelitafuta aufikie. Waganga wa mtandaoni wameshalielewa hilo kitambo. Sisi tunaoandika bado tumelala, na ishu hii inaniuma kinoma.

Maana waandishi kitaa wapo. Kuanzia Chanji, Majengo, Katandala mpaka Mazwi kuna masela na masista wanashusha madini: shairi la baridi ya Juni, makala ya bei ya mahindi, stori ya babu aliyefua chuma. Afu chini kabisa unakuta #love #viral #trending. Mzigo mkali, lebo za kila mtu. #love kule Instagram ina posti mabilioni, andiko lako linafunikwa mazima. Na hebu jiulize, mtu anayetaka kujua habari za ulezi wa Nkasi ataanzaje kwa kuandika love?

Hashitegi haikuzaliwa kwa ajili ya kiki. Tarehe 23 Agosti 2007 Mmarekani mmoja, Chris Messina, alirusha posti Twitter akipendekeza alama ya reli itumike kukusanya mazungumzo ya kundi moja. Hakuichukulia hatimiliki, akaiacha iwe ya wote. Oktoba mwaka huohuo moto mkubwa ukawaka San Diego, watu wakawa wanaandika #sandiegofire ili jirani ajue moto umefika wapi. Liangalie hilo neno vizuri: mji na tukio, basi. Twitter wenyewe walikuja kuifanya alama ibonyezeke mwaka 2009, watu wameshaizoea.

Na usidhani ni mambo ya Wazungu tu. Julai 2015, Obama akiwa anajiandaa kutua Nairobi, CNN wakaiita Kenya kitovu cha ugaidi. Wakenya hawakukaa kinyonge. Wakaifufua #SomeoneTellCNN, tegi waliyoitumia tangu 2012, wakamwaga humo picha, takwimu na hasira zao. Agosti bosi mmoja wa CNN, Tony Maddox, akapanda ndege mpaka Nairobi kuomba radhi. Jina lao lilikuwa limebandikwa vibaya, wakalibandua wenyewe. Sisi wa mkoa wa Rukwa tunabandikwa uchawi miaka nenda rudi, afu tunachofanya ni kucheka na kupotezea.

Kuna bahati moja ilipita mbele yetu. Septemba 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool na wenzake: magogo mawili, moja limechongwa likakaa juu ya lingine, yamefukuliwa jirani na maporomoko ya Kalambo. Umri wake ni kama miaka 476,000. Hapo inabidi utulie kidogo, mwana. Mabaki ya zamani zaidi ya binadamu wa aina yetu yanayojulikana, ya Jebel Irhoud kule Morocco, yana miaka kama 300,000. Yani kabla mtu wa kwetu hajatokea duniani, kuna kiumbe alikaa kando ya mto Kalambo akaunganisha mbao. Ulimwengu mzima ukawa unaandika Kalambo wiki ile. Kuchimba kulifanyika upande wa Zambia, heshima yao, wanastahili. Ila mto ule ni mpaka, na maji yale yanadondoka zaidi ya mita 200 huku wilaya yetu ya Kalambo ikiwa upande wa pili. Msela wa Matai aliyewahi kuandika kuhusu maporomoko yale, akaweka #Kalambo, #MaporomokoYaKalambo, #KalamboFalls na #Rukwa, alikuwa na nafasi ya kukutana na wasomaji ambao hajawahi kuwaota. Aliyeandika "weekend vibes na wanangu" akabaki na wanangu.

Hapo umeshaona siri yenyewe: unabandika jina ambalo msomaji atalitafuta, hata kama wewe nyumbani hulitumii. Chukua Kasanga, bandari yetu ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani waliiita Bismarckburg. Mjukuu wa askari wa Kijerumani, au mwanafunzi wa historia aliyeko Berlin, hana habari na jina la Kasanga, anatafuta hilo la zamani. Ukiandika stori za wazee wa Kasanga, weka majina yote mawili. MV Liemba hivyohivyo. Meli hii ilijengwa Papenburg mwaka 1913 ikiitwa Graf von Goetzen, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924, ikaanza kazi upya 1927 kwa jina la Liemba. Wapenzi wa meli duniani wanalitafuta jina hilo kila siku. Bibi yako aliyekuwa akipanda Liemba na magunia yake ya dagaa ana stori ambayo hao watu hawajawahi kuisoma popote. Ila bila neno Liemba kwenye tegi, hawatamfikia.

Na sisi wenyewe ngoma ni hiyohiyo. Mwanaanthropolojia Roy Willis aliandika vitabu kabisa kuhusu Ufipa, nchi ya sisi Wafipa, masimulizi yetu na historia ya falme za Nkansi na Lyangalile. Profesa Bertram Mapunda naye kachimba tanuri za chuma za Ufipa na kuziandikia kitaalamu. Kazi hizo zimeorodheshwa kwa Kiingereza chini ya neno Fipa. Dogo wa Kizwite anaandika Wafipa kwenye simu, anaambulia mistari miwili mitatu, anaamini hatuna historia iliyoandikwa. Ipo, ila imekaa kwenye rafu yenye jina asilolijua. Ukisoma kitu kama hicho ukakielezea kwa Kiswahili cha kitaa, bandika Ufipa, Wafipa na Fipa pamoja. Kwako maneno haya ni ndugu wa tumbo moja. Kwenye orodha ya tegi kila moja ina mlango wake, na aliyeingia mlango wa Wafipa hatakiona kilichowekwa kwa Ufipa peke yake.

Sasa nikusanue vitu vinavyoua tegi za Kiswahili. Nafasi kati ya maneno inakata tegi papo hapo: ukiandika #Maporomoko ya Kalambo, kinachobonyezeka ni Maporomoko tu. Unganisha, afu anza kila neno kwa herufi kubwa, #MaporomokoYaKalambo, hata mtu asiyeona anayesomewa na simu atalisikia vizuri. Kistari kinakata pia. Na kubwa kuliko yote ni king'ong'o chetu: andika #Ng'ombe, ile alama ya juu itakata neno na utabaki na #Ng. Mfugaji wa bonde la Rukwa anayeandika kuhusu mifugo yake aandike #Ngombe bila alama na maisha yaendelee. Kwenye andiko lenyewe kaza sarufi yako kama kawa, kwenye tegi andika kama vidole vya watu vinavyoandika.

Halafu punguza uroho. Mtu anamwaga tegi thelathini, msomaji anaona fujo, anasepa. Mimi naona tano zinatosha, sita kama andiko limebeba mengi. Mchele ukiitwa wa Kyela, mteja wa Dar anasimama kabla hajaunusa, jina moja limeshamaliza kazi. Weka moja pana kama #Tanzania, moja ya mkoa, moja ya mahali penyewe (Laela, Namanyere, Kipili, popote), na mbili za mada yenyewe, mfano #Ulezi na #KilimoRukwa. Zile za mahali padogo ndo nazipenda kinyama. #Kipili ina watu wachache, lakini anayeibonyeza anaitaka Kipili kwelikweli, atasoma mpaka nukta ya mwisho.

Wenye blogu, usibadilishe tegi kila wiki. Leo umeandika kilimo, kesho kilimo cha Rukwa, keshokutwa wakulima, matokeo yake kila neno lina andiko mojamoja na msomaji akibonyeza hakuna cha pili cha kusoma. Chagua jina, ng'ang'ana nalo. Na wale wanaoficha maneno muhimu mia kwenye msimbo wa ukurasa, acheni kupoteza muda, Google walitangaza tangu 2009 kwamba hawayatumii kupanga matokeo. YouTube nao wanasema tegi zao zina mchango mdogo, zinasaidia zaidi pale jina linapokosewa kuandikwa. Kule kichwa cha video ndo mpango mzima, kwa hiyo Sumbawanga iandike kwenye kichwa.

Kuna tamaa moja naijua. Unaandika kuhusu maharage, unabandika #uchawi ili upate nyomi. Sio poa hata kidogo. Watakuja, watakuta maharage, watasepa, na utakuwa umeongeza tofali kwenye ukuta wa sifa ya uchawi unaotuziba. Kama kweli umekaa na wazee ukawasikiliza kuhusu imani zao, ukaandika kwa heshima na ukweli, hapo bandika neno hilo bila woga, tena andiko la namna hiyo tunalihitaji. Anayetafuta uchawi wa Sumbawanga akutane na mtu wa Sumbawanga anayejua anachosema, asikutane na muuza dawa.

Na tafadhali toeni mizigo yenu kwenye magrupu ya WhatsApp. Najua bando ni ghali na grupu ni rahisi, lakini stori iliyobaki kwenye grupu haitafutiki na mtu wa nje, hata uipambe tegi vipi. Ipandishe mahali pa wazi pia. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003, makala zake zinapangwa kwa jamii, ipo jamii ya Mkoa wa Rukwa, na milango iko wazi kwa yeyote anayeweza kuandika kwa ushahidi.

Kwa hiyo usiku wa leo ukimaliza kuandika, kabla hujabonyeza, weka Sumbawanga, weka Ufipa, weka jina la kijiji alikozaliwa maza wako. Kama kijiji hicho hakina andiko hata moja mtandaoni, lako litakuwa la kwanza, na kila atakayekitafuta ataanza na wewe.