Mwenzako Akinyolewa: Funzo la Riwaya ya Njaa kwa Meru na Embu

Kuna lalama ambayo nimeisikia mara kadhaa miongoni mwa wazazi wa hapa Kibirichia, hasa wale ambao watoto wao wako katika shule za sekondari. Wanalalama kwamba vijana wanasoma riwaya za kigeni zilizojaa damu, na ile inayotajwa kwanza ni The Hunger Games, yaani Michezo ya Njaa, iliyotungwa na Mmarekani Suzanne Collins na kuchapishwa mwaka 2008. Hizo ni ndoto za ughaibuni, wanasema. Zatuhusu nini sisi wakulima wa viazi na ngano wa mteremko wa Mlima Kenya? Nimeisoma riwaya hiyo kwa makini, na naomba nitofautiane na wazazi wenzangu. Kitabu hicho chatuhusu, tena sana.

Kwa faida ya asiyekisoma, kisa chenyewe ni hiki. Nchi iitwayo Panem ina mji mkuu wenye anasa na wilaya kumi na mbili zenye dhiki. Hapo kale wilaya ziliasi, zikashindwa. Tangu hapo kila mwaka kila wilaya hutoa mvulana mmoja na msichana mmoja, wenye umri wa kati ya miaka 12 na 18, wakapigane mpaka abaki mmoja hai. Taifa zima hulazimishwa kutazama mauaji hayo kwenye televisheni. Katniss Everdeen, msichana wa miaka 16, anajitolea kwenda badala ya mdogo wake.

Linalonishtua mimi zaidi ya mishale na mapanga ni hesabu ya chakula. Mtoto wa maskini huruhusiwa kupewa posho ya nafaka na mafuta, lakini kila posho huongeza jina lake katika kura ya kifo. Jina la Katniss limo mara 20. La rafiki yake Gale limo mara 42. Hakuna aliyewashika mkono kwa nguvu. Ni njaa iliyowapeleka. Mtawala amepata watoto wa kuua, na juu ya hayo amepata kisingizio kwamba walitaka wenyewe.

Jina Panem halikuokotwa jalalani. Ni neno la Kilatini lenye maana ya mkate, na linatokana na kejeli ya mshairi Juvenal wa Roma ya kale, aliyewasuta raia wenzake kwa kuuza sauti yao ya kisiasa ili wapewe mkate na michezo ya uwanjani. Mwandishi mwenyewe ameeleza kwamba wazo lilimjia alipokuwa akibadilisha idhaa za televisheni usiku, hapa mashindano ya vijana, pale habari za vita vya Iraki, mpaka mambo hayo mawili yakachanganyika machoni pake.

Sasa na tuulizane. Je, haya ni mageni kwetu? La hasha! Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, Wameru na Waembu waliwekwa katika fungu moja na Wakikuyu. Kuanzia mwaka 1954 zaidi ya watu milioni moja wa jamii hizi waliondolewa kwenye maboma yao na kusongamanishwa katika vijiji vya lazima zaidi ya 800, vyenye mahandaki, miba na walinzi. Amri ya kutotoka nje ilitawala saa zao, na kazi za shuruti zilitawala nguvu zao. Katika maeneo yaliyopakana na msitu, mazao yalikatazwa kupandwa karibu na miti ili wapiganaji wasipate cha kula. Aliyekuwa mtiifu alipata nafuu. Aliyeshukiwa alilala njaa pamoja na wanawe. Posho na utii vilipimwa kwa kibaba kimoja.

Na tamasha je? Lilikuwapo. Maiti za wapiganaji zililazwa hadharani ili wapita njia wazione. Watu walipangwa mistari mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho, naye kwa kutikisa kichwa tu aliamua nani aende kizuizini. Dedan Kimathi alipokamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, picha yake akiwa amelala majeruhi, mikono imefungwa, ilichapishwa kwenye makaratasi yaliyosambazwa vijijini. Katika miaka hiyo zaidi ya watu 1,000 walinyongwa, wengi wao si kwa kosa la kuua. Wahenga walituachia methali kwamba mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Methali hiyo ni nasaha ya busara, lakini mtawala dhalimu huigeuza kuwa sheria ya nchi: hunyoa mmoja hadharani ili elfu watie maji wenyewe.

Hata kura ilitiwa katika mizani hiyo. Katika uchaguzi wa Machi 1957, ambao ulikuwa wa kwanza kwa Waafrika kuwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, mtu wa jamii zetu hakupiga kura bila cheti cha utiifu. Bernard Mate, mwana wa Meru, alimshinda Eliud Mathu, na miongoni mwa sababu ni kwamba vyeti hivyo vilitolewa kwa wingi zaidi Meru kuliko Ukikuyuni. Simlaumu Mate. Nasema tu kwamba wilaya zilipewa mafungu tofauti, zikabaki zikitazamana kwa jicho la kengeza, kama vile Panem.

Hata hivyo, Mgala muue na haki yake mpe. Historia yetu haina usafi wa riwaya. Wapiganaji nao waliua raia, na usiku wa tarehe 26 Machi 1953 kule Lari wanawake na watoto waliteketezwa. Walinzi wa vijiji hawakuwa wageni. Walikuwa ndugu na majirani. Lakini hapo ndipo ninapoiona riwaya ikisema kweli kubwa. Mtawala hufaulu anapowafanya wanyonge wamuogope mnyonge mwenzao kuliko yeye.

Wala tusijidanganye kwamba mambo hayo yalizikwa na bendera ya mkoloni. Mwaka 2024 vijana waliandamana kupinga mswada wa fedha, na tarehe 25 Juni wengine walipigwa risasi mbele ya Bunge huku nchi ikitazama moja kwa moja. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile, halmashauri ya mawasiliano iliamuru vituo viache kutangaza maandamano moja kwa moja, na Mahakama Kuu ikasimamisha amri hiyo. Msomaji mpenzi, linganisha nyakati. Mkoloni alilazimisha watu watazame. Safari hii yalitolewa maagizo wasitazame. Njia ni mbili, lakini shabaha ni moja: kuamua jicho la raia litue wapi.

Hapo ndipo lilipo tumaini la kitabu hiki. Mwishoni Katniss na mwenzake Peeta wanashika matunda ya sumu, tayari kufa pamoja badala ya kuuana, na wakubwa wanalegea papo hapo, kwa maana mchezo usio na mshindi ni aibu kwao. Ukatili wa hadhara una udhaifu wake: hauwezi kitu bila watazamaji wanaokubali maana yake.

Kwa hivyo nawasihi wazazi wenzangu wasiwanyang'anye watoto kitabu hiki. Wawaache wakisome, kisha wawatume kwa wazee waliobaki, wakaulize handaki la kijiji lilipita wapi, nani alilichimba, na wakati ule watu walikula nini. Wazee hao wanazidi kupungua kila mwaka. Mtoto anayeijua Panem lakini hajui kijiji alimofungiwa nyanya yake amesoma nusu ya kitabu.