Farasi Aingie Bandani Kabla ya Magharibi

Juu kidogo ya jicho la farasi kuna kishimo. Ukikikuta asubuhi kimejaa na kuvimba, kope nazo zimefura, muite daktari wa mifugo papo hapo. Pengine ni ugonjwa wa farasi wa Afrika, ule unaoshambulia moyo, na mgonjwa wa namna hii angalau ana nafasi ndogo ya kupona. Ukishika mapafu, nafasi hiyo karibu haipo. Jana jioni alikula vizuri. Leo kanyoosha shingo, katanua miguu ya mbele, anahema kwa shida na povu linamtoka puani. Homa hutangulia, nyuzi 40 hadi 41, ndiyo maana kipimajoto hakipaswi kukosekana bandani.

Farasi hawaambukizani kwa pumzi wala kwa kunywa ndoo moja. Virusi hubebwa na usubi, wanaouma zaidi kuanzia machweo hadi alfajiri. Punda wa kwetu ni nadra kufa kwa ugonjwa huu. Pundamilia ndiye wa kuogopwa: hukaa na virusi kwa wiki kadhaa akiwa mzima kabisa. Mwaka 1987 pundamilia waliotolewa Namibia waliufikisha Hispania, na ilichukua hadi 1990 kuumaliza.

Zamani vifo vya farasi viliwaponza watu. Msafara wa Wareno chini ya Francisco Barreto ulipofika Sena, kwenye mto Zambezi, miaka ya 1570, farasi wake walianza kufa. Wareno wakawashutumu wafanyabiashara Waislamu wa pale kuwa wamewalisha sumu, wakawaua. Leo wanaoisoma habari hiyo huwataja mbung'o kuwa ndio waliowaua farasi hao, na wengine usubi.

Kinga iliyo mikononi mwa mwenye farasi ni banda. Mwingize jua halijazama, umtoe likishapanda. Wavu wa dirishani uwe wa matundu madogo sana, maana usubi hupenya chandarua cha kawaida. Feni inasaidia kuliko wengi wanavyodhani: mdudu huyu hana nguvu ya kuruka dhidi ya upepo. Taa ya kuwaka usiku kucha, ambayo wengi huiacha kwa kuogopa wezi, inamwita. Ondoa samadi na ukaushe tope.

Chanjo ipo, na ichomwe kabla ya msimu wa mvua, si mvua zikishaanza. Ila virusi hivi vina aina 9, na chanjo huenda isizikinge zote, kwa hiyo aliyechanjwa naye alale ndani.

Dawa ya kuviua virusi hakuna. Daktari atapunguza homa na uvimbe, kilichobaki ni kupumzika, na hapo ndipo pana makosa mengi: farasi akianza kula, watu wanamtia tandiko. Moyo uliougua unaweza kusimama akiwa mbioni. Apumzike wiki 4 au zaidi, na asipandwe mpaka daktari ausikilize moyo wake.