Kitochi au Simu ya Kupapasa? Tazama Kazi Kwanza



Korosho zimeuzwa. Fedha imeingia benki. Watoto wanasema, "Baba, mwaka huu tununue simu ya kupapasa." Jirani anayo. Je, na wewe uinunue? Kabla ya kutoa fedha, kaa ufikiri.

Mama mmoja wa hapa Chiola aliuza kitochi chake akanunua simu ya kupapasa. Nyumbani kwake hakuna umeme. Siku moja walimu walimpigia kumwambia kuwa mtoto wake anaumwa. Simu ilikuwa imezima tangu mchana. Habari ilimfikia kesho yake, kwa mdomo wa mtu wa bodaboda. Mtoto alipona. Mama akanunua kitochi tena. Amelipa mara mbili.

Kitochi kinafanya nini?

Kitochi hupiga na kupokea simu. Hupokea ujumbe. Hutuma na kupokea fedha. Huduma ya M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na mpaka leo inatumika kwa kitochi. Ukibonyeza nyota, namba, kisha reli, hutumii intaneti. Kwa mfano, bonyeza *106# uone namba za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kitochi kinatosha.

Wapo wanaodhani huwezi kuuza korosho bila simu ya kupapasa. Si kweli. Tangu msimu wa 2024/2025, korosho zinauzwa kwa mnada wa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania. Lakini anayeingiza bei mtandaoni ni mnunuzi. Wewe unapeleka korosho chama cha msingi. Zinakwenda ghalani. Malipo yanaingia katika akaunti yako ya benki. Ujumbe wa benki unasomeka kwa kitochi.

Simu ya kupapasa inafaa nini?

Inafaa sana, ikipata mtandao. Ukiona unga mweupe kwenye majani machanga ya mkorosho, piga picha umtumie bwana shamba. Ataona kama ni ubwiri unga, na atakushauri mapema. Utaweza pia kuongea na mwanao aliye Dar es Salaam kwa intaneti. Lakini kumbuka, yeye na wewe lazima wote muwe na intaneti. Mmoja akikosa, hamsikilizani.

Jiulize maswali matatu

1. Mtandao unafika nyumbani kwangu? Mwombe mwenye simu ya kupapasa asimame ndani ya nyumba yako, kisha uani. Atumie laini ya kampuni unayotumia wewe. Atazame alama juu ya kioo. Akiona 4G au 3G, ajaribu kutuma picha. Akiona E, mtandao ni wa polepole. Sauti itapita, picha itakwama. Serikali, kwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, inasaidia kujenga minara vijijini. Lakini mnara ukiwapo kijijini, si kila nyumba inapata. Bonde na kilima huzuia.

2. Nitachaji wapi? Kitochi hukaa na chaji siku kadhaa. Simu ya kupapasa ikitumika sana, haimalizi siku. Kama huna umeme wala sola, hesabu gharama ya kuchajisha.

3. Kifurushi nitakilipa kila mwezi? Simu unanunua mara moja. Intaneti unanunua kila mara. Mfuko wa fedha za korosho huwa mwepesi mwezi wa Machi.

Ukijibu "ndiyo" mara tatu, nunua. Lakini usiuze kitochi. Kiweke kwa siku ya shida.

Ukijibu "hapana" hata mara moja, baki na kitochi chako. Usione haya. Fedha iliyobaki inunulie salfa ya mikorosho.

Na simu yoyote utakayochagua, namba ya siri usimwambie mtu.

Kupanga ni kuchagua.