Picha 'kubwa' si lazima iwe na nukta nyingi

Wiki tatu zilizopita mhariri mmoja alinirejeshea mswada wangu kuhusu tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Hakuwa na neno na hoja zangu. Tatizo lilikuwa picha ya ukurasa mmoja wa utenzi. "Profesa, tutumie picha kubwa zaidi," aliniandikia.

Nami, kwa utiifu wa mwanagenzi, nikaifungua picha ile kwenye tarakilishi, nikaivuta pembe hadi ikajaa kioo, nikaihifadhi na kumtumia. Saa moja baadaye ikarudi. Ilikuwa kubwa, ndiyo, ila ukungu mtupu!

Kosa lilikuwa langu, lakini neno nalo lilichangia. Picha ya kidijitali imefumwa kwa vijisanduku vya rangi viitwavyo pikseli. Ukiivuta huongezi chochote kilichonaswa na kamera; programu inakisia tu rangi za kujazia mapengo. Wachapishaji wa vitabu aghalabu hutaka nukta 300 kwa kila inchi. Picha yangu ilikuwa na pikseli 1280 kwa 960, kwa hivyo ingechapika vyema kwa upana usiozidi sentimita 11. Mhariri aliitaka ijaze ukurasa mzima.

Je, angesemaje ili nimwelewe? Hapa ndipo istilahi zetu zinapogongana. Wapo wasemao 'ubora wa juu'. Hiyo ni sifa tu. Picha yenye pikseli milioni 12 inaweza kuwa mbovu kwa sababu mkono wa mpigaji ulitetemeka. Wengine husema 'ung'avu'. Nilipomwambia mwanafunzi wangu aongeze ung'avu wa picha, aliongeza mwanga, na sikuweza kumlaumu. 'Msongo' nalo limelemewa tayari na msongo wa mawazo, ila angalau lina wazo la vitu vingi kubanana mahali padogo. Mimi naelemea 'msongo wa nukta', maana linataja kinachohesabiwa. Atakayeleta jipya zaidi na alilete.

Kwa anayesoma hati za kale, nukta si jambo dogo. Waandishi wetu wa pwani waliazima herufi za Kiarabu ambazo hazikutosheleza sauti za Kiswahili. Aghalabu herufi ya ba ilibebeshwa b, p na hata mb. Fa ikabeba f na v. Msomaji alikuwa akikisia tangu hapo. Isitoshe, ta na nun zikianza neno hutofautiana kwa nukta tu: ta ina mbili juu, nun ina moja. Kwa hivyo 'tia' na 'nia' zimetenganishwa na nukta moja ya wino. Picha hafifu huzigandanisha nukta mbili zikawa doa moja.

Basi nikaanza kuisaka picha asilia. Niliupiga ukurasa ule mwaka 2019, nyumbani kwa mzee mmoja kisiwani Pate. Mzee ameshatangulia mbele ya haki, na jamaa zake waliniarifu kwamba paa lilivuja na karatasi zikashikana. Hakuna pa kurudi kupiga nyingine. Niliyokuwa nikiitumia miaka yote hii ilikuwa imepitia WhatsApp, ambayo kwa kawaida huibana picha ili iende upesi. Jina lake lenyewe lilinisuta: lilikuwa na herufi WA katikati.

Tarakilishi yangu inatumia Windows. Nilifungua dirisha la mafaili, nikachagua diski nzima badala ya folda moja, na kwenye kisanduku cha kutafutia nikaandika *.jpg size:>3MB, yaani picha zote zinazozidi megabaiti tatu. Zikajitokeza mamia, harusi na mahafali zikiwemo. Nikazipanga kwa tarehe, nikateremka hadi 2019. Lakini uzito wa faili ni dalili tu. Ili kuhakikisha, bofya picha kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa zake, kisha soma maelezo: hapo utaona pikseli ngapi kwa ngapi. Usibabaishwe na ile nambari ya nukta kwa inchi iliyoandikwa hapo chini, kwani hiyo yaweza kubadilishwa bila picha kupata hata pikseli moja zaidi. Hesabu pikseli, ugawe kwa 300, upate inchi.

Niliipata ndani ya folda niliyoiita 'Mengineyo', jina ambalo sitalirudia tena maishani. Pikseli 4000 kwa 3000: takriban sentimita 34 kwa 25 za kuchapisha. Safari hii niliituma kwa baruapepe kama kiambatisho. Hata WhatsApp ingefaa, mradi niitume kama hati na si kama picha.

Kabla ya kuituma niliikuza na kuutazama ubeti wa nne. Katika picha hafifu nilikuwa nimesoma 'nia', na nikaandika kurasa mbili kuhusu nia ya mshairi. Sasa nukta zilikuwa mbili, wazi kabisa, zimekaa bega kwa bega. Ni 'tia'.

Kurasa zile nimezifuta. Mhariri ameshauliza kwa nini sura ya tatu imepungua, na bado sijamjibu.