Jiwe Hili ni Jiwe Gani?

Kila muhula hutokea mwanafunzi akaniletea jiwe aliloliokota shambani au mtoni, akauliza: "Mwalimu, hili ni jiwe gani?" Swali ni fupi, lakini jibu lake halipatikani kwa kutazama tu. Katika makala haya tutaeleza namna jiwe lisilojulikana linavyotambuliwa, na mfano wetu tutauchukua hapa hapa Tanzania.

Mwaka 1967, katika vilima vya Merelani wilayani Simanjiro, zilipatikana fuwele za buluu ambazo hakuna aliyezijua. Miongoni mwa waliohusika alikuwa Manuel de Souza, fundi cherehani wa Arusha aliyekuwa akitafuta madini kwa muda wake wa ziada. Kwanza alidhani ni olivini. Baadaye akadhani ni dumotieraiti. Mara zote mbili alikosea. Sampuli zilipopimwa na wataalamu, akiwamo mjiolojia wa serikali aliyekuwa Dodoma, ilibainika kuwa ni zoisaiti, madini yaliyokwisha kupewa jina tangu mwaka 1805 huko Ulaya. Kilichokuwa kipya ni rangi yake. Mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ya Marekani iliyaingiza sokoni kwa jina la tanzanaiti.

Je, De Souza alikosea kwa sababu ya uzembe? La. Tuyapime madini hayo pamoja na yakuti samawi, ambayo nayo ni ya buluu, tuone ugumu wa kazi yenyewe.

Shahidi wa kwanza ni rangi, naye ni dhaifu kuliko wote. Buluu ya tanzanaiti hutokana na chembe kidogo sana za vanadi. Tena, tanzanaiti nyingi inapochimbwa huwa na rangi ya kahawia, nayo hugeuka buluu ikipashwa moto wa kiasi cha nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi. Madini ni yale yale, rangi ni nyingine.

Shahidi wa pili ni ugumu. Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs aliyapanga madini kumi, kuanzia talki yenye ugumu wa 1 hadi almasi yenye ugumu wa 10. Kanuni yake ni nyepesi: kigumu hukwaruza kilicho laini. Ukucha una ugumu wa 2.5 hivi, na kioo cha dirisha 5.5. Kwazi, lile jiwe jeupe linalopatikana karibu kila mahali nchini, lina ugumu wa 7. Yakuti samawi ina 9, kwa hiyo kwazi haiwezi kuikwaruza. Zoisaiti ina 6 hadi 7, nayo hukwaruzwa. Dumotieraiti ina 7 hadi 8.5. Lakini olivini ina 6.5 hadi 7. Hapa ugumu hautusaidii.

Shahidi wa tatu ni densiti, yaani gramu ngapi zimo katika kila sentimita moja ya ujazo. Chukua mizani ya maabara. Pima jiwe hewani. Kisha lining'inize kwa uzi ndani ya maji, lisiguse chombo, ulipime tena. Tuseme hewani ni gramu 13.4 na majini ni gramu 9.4. Tofauti ni 4.0. Gawanya 13.4 kwa 4.0, utapata 3.35. Yakuti samawi ina densiti ya 4.0, kwa hiyo jiwe letu si yakuti. Zoisaiti ni 3.35 hivi, lakini dumotieraiti na olivini nazo zaweza kufikia 3.3. Shahidi huyu amemwondoa mtuhumiwa mmoja tu.

Basi tumwite wa nne: mpasuko. Olivini huvunjika kama chupa, kwa mikunjo isiyo na mpango. Zoisaiti hupasuka kwa urahisi upande mmoja, ikaacha uso ulio bapa na laini. Mwisho ni mwanga. Fuwele ya tanzanaiti ambayo haijapashwa moto, ukiigeuza polepole mbele ya mwanga, huonyesha rangi tatu: buluu, zambarau na nyekundu ya kahawia.

Hakuna hata mmoja wa mashahidi hao aliyetosha peke yake. Ushahidi wao wa pamoja ndio unaotoa hukumu. Hii ndiyo njia ya sayansi, nayo haihitaji maabara kubwa. Mizani, uzi, kipande cha kwazi na daftari vyatosha kuanzia. Angalia tu usikwaruze uso mzuri wa jiwe linaloweza kuwa kito; tumia ukingo uliovunjika.

Jambo moja zaidi. Siku ya kuokota jiwe, andika tarehe, mahali na jina la aliyeliokota. Jumanne Ngoma alitambuliwa hadharani na Rais John Magufuli kuwa mgunduzi wa tanzanaiti mwaka 2018, miaka 51 baada ya ugunduzi wenyewe. Na asiyejua alichokishika mkononi hukiuza kwa bei ya yule anayejua. Kwa hiyo, walimu, mwanafunzi akija na jiwe lake msimwambie alitupe. Mpeni mizani apime. Akishindwa, sampuli ipelekwe kwa wajiolojia wa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma.