Sanduku la Uzi Mmoja

Mpiga kidumbak wa Unguja akiagiza "sanduku", hatafuti pa kuwekea nguo. Ataka lile kasha la chai lililopinduliwa, likatiwa fimbo na uzi mmoja, likawa besi. Vigoma vyake viwili vya udongo ndivyo vidumbak, yaani dumbak ndogo. Na ngoma yenyewe wengine huiita kitaarab.

Hukumu ya ala tunawaachia mashekhe. Linalotushughulisha ni hiyo "ki", inayonukia dharau. Mjini walikuwapo Ikhwani Safaa tangu 1905, wenye udi na kanuni. Ng'ambo na mashamba wakawafurahisha maharusi wao kwa kasha tupu. Na baadhi ya wapigaji wa Culture Musical Club hushuka jukwaani wakaenda kupiga kidumbak harusini.